Mvua Ikigoma, Bibi Yuko Mashakani

Aliyekuwa akisikiliza taarifa za habari kutoka Kanda ya Ziwa anaijua sentensi hii kwa ghibu: kikongwe ameuawa usiku kwa kukatwa mapanga na watu wasiojulikana, na chanzo kinadaiwa kuwa imani za kishirikina. Baada ya hapo mtangazaji anahamia habari nyingine. Maneno hayo, "imani za kishirikina", yamegeuka komeo. Ukishayasikia, mlango wa maswali umefungwa. Wamemuua kwa sababu wanaamini uchawi, basi.

Nataka kuufungua mlango huo, kwa sababu maelezo hayo yanawaonea waliokufa na kuwasitiri wengi walio hai. Imani ya uchawi ipo Usukumani, nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka mzima. Ipo masika na kiangazi, ipo mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Ipo pia Pwani, Upareni, Umakondeni na Pemba, ambako bibi zetu wengi wanazeeka na kufa kwa maradhi yao. Kitu kilichopo siku zote hakiwezi peke yake kueleza kitu kinachopanda na kushuka. Na mauaji haya hupanda na kushuka.

Tuanze na ukubwa wake. Simeon Mesaki, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 yaliripotiwa Tanzania Bara matukio 3,333 yaliyohusishwa na uchawi, na watu 3,693 walipoteza maisha. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Hao ni watu wa miaka 15 tu, na ni wale ambao habari zao zilifika polisi.

Sasa njoo Meatu. Wilaya hii ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga kabla ya kuingia Simiyu mwaka 2012. Ni nchi kavu ya mtama, mahindi, pamba na ng'ombe, ambapo karibu kila kitu kinategemea mawingu. Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alikusanya taarifa za vijiji 67 vya huko kwa miaka ya kuanzia 1992 hadi 2002: nani aliuawa, lini, na mwaka huo mvua ilikuwaje. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yanapaswa kujulikana na kila anayesoma taarifa za mauaji nchini. Katika miaka ambayo mvua ilitoka nje ya kiwango cha kawaida, iwe kwa ukame au kwa mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takribani mara mbili ya miaka ya kawaida. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wenye umri mkubwa, na mara nyingi aliyehusika alikuwa ndugu.

Hapo kuna jambo la kulitazama kwa utulivu. Miaka hiyo hiyo ya mvua mbaya, mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Watu hawakuanza kuuana ovyo kwenye vilabu vya pombe au katika ugomvi wa mifugo kwa sababu ya njaa. Ongezeko lilimwangukia bibi peke yake. Tena Miguel alitazama na magonjwa ya mlipuko. Kama imani ndiyo ingekuwa injini ya mambo, basi mwaka wa magonjwa ndio ungekuwa mwaka wa damu, maana ugonjwa na kifo cha ghafla ndivyo vitu ambavyo watu huwasingizia wachawi kwa haraka zaidi. Uhusiano huo haukuonekana wazi. Kilichoonekana wazi ni mavuno kupotea na kipato kushuka.

Usukuma hauko peke yake katika hili. Mchumi mwingine, Emily Oster, alionyesha mwaka 2004 kwamba Ulaya ya karne za zamani, ile iliyowachoma wanawake moto, ilikuwa na kesi nyingi zaidi za uchawi katika vipindi ambavyo baridi ilizidi na mazao yakaharibika. Mzungu wa karne ya 16 na mkulima wa Meatu hawana mila moja wala dini moja. Kinachowakutanisha ni ghala tupu.

Ghala tupu hufanya kazi gani ndani ya nyumba? Chukua kaya ya watu tisa na kihenge kilichobaki na mtama wa miezi miwili, huku mavuno yakiwa mbali miezi mitano. Watoto wanakula kwanza. Wanaolima lazima wale, la sivyo hata hicho kidogo cha msimu ujao hakitapandwa. Anabaki mama wa baba, au mke mkubwa wa marehemu babu, ambaye mgongo umeshainama, halimi tena, na anakula sawa na wengine. Hakuna mwana anayeweza kusimama mbele ya ukoo akasema, "Mama anatumalizia chakula." Ni aibu isiyotamkika. Lakini neno moja likisemwa, kwamba mama huyo ndiye aliyefunga mvua au aliyemlaza mtoto wa jirani, aibu inageuka haki. Mtu anayeonekana mzigo amegeuzwa adui, na adui kuuawa hakuulizwi maswali mengi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi halisi ya tuhuma ya uchawi katika mwaka wa njaa: inampa mtu ruhusa ya kufanya jambo ambalo asingethubutu hata kuliwaza kwa jina lake.

Lakini njaa nayo isiwe komeo jipya. Ugogo kuna ukame wa kutisha, na umaskini umejaa Kusini, lakini vikongwe wa huko hawajaandamwa kwa kiwango cha Usukumani. Umaskini unaleta shinikizo, ila haumchagui mtu. Kuna mambo mengine yanayomchagua, na hayo ndiyo yanayostahili muda wetu.

La kwanza ni kwamba mjane amekaa juu ya ardhi isiyo yake. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila katika tangazo namba 436, na humo mjane hakupewa sehemu ya urithi pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ukisoma haraka unaweza kuona ni upole, kumbe maana yake ni kwamba mama huyo anaishi shambani kwa hisani. Akiwa na wana wema, atazeeka salama. Kama hana mtoto, au wana wamehamia Geita kwenye machimbo, shamba analolishikilia linahesabiwa na shemeji na watoto wa shemeji kila msimu: ekari ngapi, na lini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya ardhi, lakini tangazo lile halikufutwa. Wajane wawili Wasukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba zao baada ya waume kufariki, walilipeleka suala hilo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikasema si kazi yake kuifuta. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Ilichukua miaka mingi, na hao walikuwa wajane walioweza kupata wakili. Bibi wa kijijini anayegombewa ekari tatu hana safari hiyo.

La pili ni macho. Kila mtu wa Kanda ya Ziwa amewahi kusikia kwamba mchawi ana macho mekundu. Nenda ukakae katika jiko la bibi huyo uone yanavyopatikana. Nyumba ya udongo, paa la nyasi, dirisha dogo kama kiganja au hakuna kabisa. Mafiga matatu chini. Miti ya nchi hii ilimalizwa zamani, mingi ikifyekwa kupisha pamba na kufukuza mbung'o, kwa hiyo kuni ni za kutafuta kwa kutwa nzima. Mwanamke kijana huzifuata mbali. Ajuza hawezi, anaokota vilivyo karibu naye: mabua ya mtama, vijiti vya pamba, na samadi iliyokauka juani. Samadi haitoi mwali wa maana. Inafuka. Moshi wake ni mzito, unakaa usawa wa kichwa cha mtu aliyechuchumaa, na yeye amechuchumaa hapo anapuliza, asubuhi na jioni, tangu akiwa binti. Ongeza ugonjwa wa vikope, ambao umewapofusha wengi katika nchi za vumbi na maji haba. Akifika miaka 65 macho yamevilia damu na kope zimenyonyoka. Mwili wake umeandikwa historia ya kupika, na kijiji kinaisoma kama hati ya mashtaka. Naliona jambo hili kuwa la kuumiza kuliko yote: alama inayomuua imetokana na kulisha watu hao hao.

La tatu ni yule anayetamka. Mwanakaya mwenye shida haendi nyumbani moja kwa moja kumuua mtu. Anakwenda kwa mganga. Waganga wengi ni watu wa mitishamba na wamewasaidia wengi, hilo sina ubishi nalo. Tatizo ni wale wanaopiga ramli chonganishi. Katika Usukuma ramli inayoheshimika sana ni ya kuku. Mteja huja na kifaranga, kinachinjwa na kupasuliwa, na mganga anasoma ndani yake: doa hapa, mshipa pale, upande wa baba, upande wa mama. Mpigaji ramli mjanja hataji jina. Anasema ni mtu wa karibu, mtu mzima, mwanamke, nyumba yake iko upande wa machweo, na macho yake hayako sawa. Mteja analimalizia jina mwenyewe, na mara nyingi alikuja nalo moyoni. Ndiyo maana wanaiita chonganishi: inachukua kinyongo kilichokuwepo na kukirudisha kikiwa na muhuri.

Kisha anatafutwa wa kutekeleza. Huku wanawaita wakata mapanga, na baadhi yao wamekuwa wakilipwa kwa ng'ombe au fedha kama fundi anavyolipwa kwa kazi yake. Wanakuja usiku kwa bibi anayelala peke yake au na mjukuu. Yowe likipigwa, majirani wanalisikia, na wengi hawatoki. Baadhi wanaogopa, wengine wanajua kilichokuwa kinakuja, wengine wameshakubali moyoni kwamba ni halali yake. Asubuhi polisi wakija hakuna aliyeona kitu. Hivyo ndivyo "watu wasiojulikana" wanavyozaliwa: wanajulikana na karibu kila mtu, isipokuwa hakuna atakayewataja. Kesi isiyo na shahidi haifiki mbali, na kila kesi inayokufa inamfundisha mkata mapanga kwamba kazi yake haina hatari kubwa.

Kwa nini basi yote haya yakawaka zaidi kuanzia miaka ya 1970? Mambo ya zamani yanasaidia kuelewa. Enzi za watemi, yaani machifu wa Usukumani, tuhuma ya uchawi ilikuwa na mahali pa kupelekwa. Hukumu zao hazikuwa za huruma siku zote, wapo waliofukuzwa na wapo waliouawa, lakini kulikuwa na baraza, kulikuwa na kusikilizwa, na mara nyingi mtuhumiwa alihama. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ya Waingereza, ambayo ipo mpaka leo, ilimtia hatiani anayejidai kuwa na uchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa. Nia ya hatua zote mbili inaeleweka, lakini kijijini zilimwacha mtu mwenye tuhuma bila mlango wowote wa halali wa kuipeleka. Akimtaja mwenzake, yeye ndiye mkosaji. Mesaki ameliona hilo kama pengo ambalo panga liliingia kulijaza.

Halafu zikaja operesheni za vijiji. Msukuma wa zamani alikaa mbali na mwenzake, kaya na mashamba yake na ng'ombe wake, jirani akiwa upande wa pili wa kilima. Mkikorofishana, mlisogea. Kuhama ndiyo ilikuwa suluhu ya bei nafuu kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1970 watu walikusanywa, nyumba zikapangwa kwenye mistari, na mtu akajikuta ukutani kwa yule ambaye babu yake alimkimbia. Mtoto akiumwa, unaona ni nani aliyepita mlangoni jana. Ng'ombe akifa, unajua ni jicho la nani lililomtazama. Ujamaa ulileta shule, zahanati na maji, na sitaki kuyapuuza hayo. Ila ulifunga njia ya kuhama bila kufungua njia nyingine ya kumaliza visasi.

Serikali iliyaona mauaji na ikajibu kwa nguvu. Mwaka 1976 ulifanyika msako mkubwa Mwanza na Shinyanga, mamia ya watu wakakamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kuwajibika kwa vifo hivyo, ingawa yeye hakumgusa mtu. Watanzania tunalikumbuka tukio hilo kama somo la uwajibikaji, na ni kweli. Lakini tumesahau lilianza na nini. Lilianza na vikongwe waliokuwa wanauawa, na baada ya msako ule wameendelea kuuawa kwa miongo kadhaa, kwa sababu mateso ya polisi hayakugusa shamba, wala moshi, wala kihenge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu waliibuka, wanakijiji wenye pinde na mishale waliochoshwa na wizi wa mifugo. Walifanikiwa sana kurudisha ng'ombe. Kwa bibi walikuwa na sura mbili. Mahali pengine waliwatenga na kuwafukuza wanaotuhumiwa. Mahali pengine, baada ya kushawishiwa, ndio walioitikia yowe lake. Kikundi ni kile kile na silaha ni zile zile. Tofauti ilikuwa katika kilichokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji.

Kuna kosa moja ningependa wasomaji tuliepuke, nalo ni kuyachanganya haya na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshamiri kuanzia 2006 na 2007. Yote yanaingizwa kapu moja la ushirikina, na mwaka 2009 serikali ilipofuta vibali vya waganga ilikuwa inajibu hayo ya pili. Chanzo chake ni kingine. Viungo vya watu wenye ualbino vilitafutwa na watu waliotaka bahati katika dhahabu, uvuvi na biashara. Hapo kuna mnunuzi, kuna dalali, kuna bei. Kikongwe hakuuawa ili auzwe. Mwenye ualbino aliuawa kwa tamaa ya kupanda juu, kikongwe kwa hofu ya kuzama, na dawa ya hili si lazima ilifae lile.

Dawa zilizogusa vyanzo zipo, na zinafanana na mambo ya kawaida kabisa. Wilayani Magu, kikundi cha wenyeji kinachoitwa MAPERECE, kwa kushirikiana na shirika la HelpAge, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kufanya kazi na wazee. Walitengeneza majiko sanifu yanayotumia kuni kidogo na kupunguza moshi. Walijenga na kukarabati nyumba za wajane. Waliwasaidia kuelewa haki zao za ardhi na mirathi. Waliwaendea sungusungu, waganga na vikundi vya ngoma, wakazungumza nao kama watu wenye neno kijijini, bila kuwatukana kwamba ni washenzi. Hawakuanza kwa kumwambia mtu aache kuamini uchawi. Walianza na jiko.

Dawa ambayo Miguel mwenyewe aliipendekeza ni ya fedha: pensheni ya wazee. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima, bila michango ya nyuma. Tanzania Bara haijawa na malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, ingawa kaya maskini zimekuwa zikipokea ruzuku kupitia TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii.

Shilingi 20,000 hazijengi nyumba. Lakini zirudishe Meatu, katika kaya ile ya watu tisa, mwezi ambao kihenge kimebaki vumbi. Siku ya malipo mkwe anamwandalia bibi maji ya kuoga mapema. Mjukuu mkubwa anampakia kwenye baiskeli hadi ofisi ya kata, anamsubiri chini ya mwembe, anamrudisha taratibu asimwangushe. Jioni kuna unga, kuna chumvi, kuna dagaa wa mia tano, na daftari la mtoto wa darasa la nne. Bibi ameketi pembeni ya mafiga, macho yake mekundu kama jana, na mwanaye anamuuliza kama amekula akashiba.